Mchu haukuamua kitu

MAJI KUPWA, na Mama Kache

Jumamosi, hapa Dabaso, maji ya hori ya Mida yakiwa yamekupwa, kijana mmoja aliwatembeza wanafunzi akiwaonyesha mizizi ya mchu iliyochomoza wima topeni, mingine haifiki shibiri. "Mchu uliona matope hayana hewa," akasema, "ukaamua kuota pua." Watoto wakaandika. Sambusa ya kaa ikanikwama kooni.

Uliona kwa jicho lipi? Uliamua kwenye kikao gani, na nani aliandika kumbukumbu? Miche haikuwa sawa, basi. Michache ilizaliwa na mizizi inayoelekea juu kuliko mingine, ikapata hewa. Mingine ikanyongwa na matope. Iliyosalia ikazaa iliyofanana nayo, vizazi kwa vizazi, bila mti hata mmoja kujua lolote. Mtoto wa darasa la sita anaelewa hayo. Ugonjwa huu wa kuipa miti akili tumeletewa na filamu za wanyama kwenye televisheni, ambamo kila mdudu ana mpango wa maendeleo wa miaka mitano.

Na nilikuwa na shemeji. Akanyoosha mkono pamoja na watoto: "Kama binadamu alitoka kwa kima, hawa wa Gede wanaoiba ndizi wanangoja nini?"

Kijana kimya. Utamjibu nini shemeji ilhali umeshasema mti una akili? Nikaingilia mimi. Shemeji ana mabinamu Kaloleni, wako hai, na hakuna hata mmoja aliyemzaa. Wana babu mmoja. Sisi na kima vivyo hivyo, ila babu huyo ni wa zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita.

Shemeji si wa kwanza kupinga. Mwaka 1984 mtafuta visukuku Kamoya Kimeu aligundua huko Nariokotome, Turkana, mabaki ya binadamu wa kale, kijana aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo akapinga mifupa kama hiyo kupewa nafasi kubwa katika makumbusho ya Nairobi. Nilimkasirikia, lakini alisema waziwazi anachokipinga. Mpinzani wa namna hiyo ni afadhali kuliko mtetezi anayeigeuza sayansi kuwa hekaya za sungura.

Njiani shemeji akakiri kwamba jambo moja limemwingia: kama mti wa matopeni unaweza kuona shida, ukaamua, na likatendeka, basi kwenye uchaguzi wa 2027 tuusimamishe udiwani.