Haut-Katanga: Taa ya nyuma ya gari si pambo, ikaguliwe kabla giza halijaingia

Kwenye barabara ya taifa namba 1, kutoka Kolwezi kupitia Likasi na Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa, makamyo ya shaba yanapita mchana na usiku. Pamoja nayo kuna teksi, mabasi madogo, pikipiki na watu wanaotembea kwa miguu. Karibu saa kumi na mbili jioni giza linaingia, na sehemu kubwa ya njia hiyo haina taa za barabarani. Saa hiyo dereva haoni tena gari lililo mbele yake, anaona tu taa zake za nyuma. Zikizimika, gari linapotea machoni, lakini uzito wake unabaki pale pale barabarani.

Taa za mbele zinamsaidia dereva mwenyewe, ndiyo maana zikiharibika anakimbilia kwa fundi siku ileile. Taa za nyuma zinamsaidia mtu mwingine. Dereva hazioni, na anaweza kuendesha wiki nzima bila kujua kwamba moja imekufa. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kitu kinacholinda maisha ya mwingine kisipokaguliwa na mtu, kinasahauliwa.

Kila taa ya nyuma ina neno lake. Taa nyekundu ndogo, ambazo zinawaka pamoja na taa za mbele, zinasema: “Niko hapa, na upana wangu ni huu.” Kwa sababu hiyo zinapaswa kuwa mbili. Gari lenye taa moja tu ya nyuma linafanana na pikipiki kwa mbali, na anayetaka kulipita anaweza kuhesabu vibaya nafasi aliyo nayo.

Taa za freni ni nyekundu pia, lakini mwanga wake ni mkali zaidi. Zinawaka dereva anapokanyaga freni, na zinasema: “Ninapunguza mwendo.” Taa za rangi ya chungwa zinazowaka na kuzimika, ambazo madereva wanaziita clignotant, zinaonyesha upande ambao gari linaelekea. Zikiwaka za pande zote mbili kwa pamoja, maana yake ni hatari: gari limesimama au lina shida.

Taa nyeupe ya nyuma ina maana moja tu, kwamba gari linarudi nyuma. Taa ndogo inayomulika namba ya plaki haihesabiwi hapa, kwa maana yenyewe haielekei nyuma. Basi kioo chekundu kikipasuka na ampuli ikabaki wazi, hilo si jambo la sura ya gari tu. Mwanga unaotoka ni mweupe, na dereva wa nyuma anaweza kudhani gari linarudi nyuma, ama linakuja kukutana naye. Kipande cha plastiki nyekundu kilichobandikwa vizuri ni dawa ya siku moja. Kioo kipya ndicho matengenezo.

Magari mengine yana taa nyekundu ya ukungu, yenye mwanga mkali karibu kama wa freni. Inafaa wakati wa ukungu mzito au mvua kubwa, na hata kwenye vumbi zito linaloficha gari la mbele. Usiku ambao hewa ni safi, taa hiyo inaumiza macho ya anayefuata na inaficha taa ya freni iliyo karibu nayo. Dereva aliyeiwasha na kuisahau anaonekana kama mtu anayekanyaga freni njia nzima, na mwishoni hakuna anayemwamini anapopunguza mwendo kweli.

Rangi peke yake haitoshi. Tofauti ya nguvu kati ya taa ndogo na taa ya freni ndiyo inayosomwa. Katika magari mengi ya zamani, ampuli moja inafanya kazi zote mbili. Ndani yake kuna nyuzi mbili: moja ya wati 5 kwa taa ndogo, na nyingine ya wati 21 kwa freni. Misumari miwili ya pembeni ya ampuli hiyo haiko kwenye kimo kimoja, kusudi isiingie kinyume. Fundi akiilazimisha kuingia kinyume, taa ndogo inawaka kwa ukali wote, na dereva akikanyaga freni hakuna kinachobadilika kwa anayemfuata. Ukimuuliza dereva huyo, atajibu kwamba taa zake zote zinawaka. Zinawaka kweli, ila hazisemi kitu.

Kuna dalili nyingine ambayo mafundi wanaijua vizuri. Dereva anakanyaga freni, clignotant inaanza kuwaka kidogo, ama taa ndogo zinafifia. Mara nyingi ampuli ni nzima, ila waya unaorudisha umeme kwenye mwili wa gari, ule wanaouita masse, umeshika kutu au umelegea. Kuusafisha na kuukaza ni kazi fupi. Kubadilisha ampuli tatu bila kuugusa waya huo ni kupoteza pesa.

Kwamba taa hizi zinaokoa watu na mali, si maneno ya kubahatisha tu. Mwaka 1974 mtaalamu wa saikolojia John Voevodsky alichapisha jaribio lililofanywa kwenye teksi za San Francisco, Marekani, ambazo ziliongezewa taa moja ya freni katikati, kwa nyuma. Ajali za kugongwa kwa nyuma zilipungua kwa asilimia 60 hivi. Marekani iliilazimisha taa ya tatu ya freni kwenye magari madogo mapya ya mwaka 1986. Watu walipoizoea, faida ilipungua na kubaki kama asilimia 4, lakini katika nchi yenye mamilioni ya magari hiyo si faida ndogo. Ikiwa taa moja ya nyongeza ilileta tofauti hiyo, gari ambalo halina hata mbili za kwanza liko katika hali gani?

Hesabu ni rahisi. Kwa kilomita 60 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Dereva anayeona taa ya freni ikiwaka anahitaji sekunde moja au zaidi kabla mguu wake haujafika kwenye freni. Bila taa, anasubiri mpaka aone kwa macho kwamba gari la mbele linamkaribia, na mita 17 nyingine zimekwisha kwenda. Nyuma ya kamyo iliyojaa shaba, mita hizo ndizo zinazoamua kama atafika nyumbani.

Kamyo iliyoharibika njiani ni hatari zaidi. Betri ikifa, taa zote zimekufa, na matawi ya miti yaliyowekwa barabarani hayarudishi mwanga. Pembe tatu nyekundu iliyowekwa mbali nyuma ya gari, na vioo vyekundu safi mwilini mwake, vinaonekana bila umeme wowote. Kitambaa na maji kidogo vinatosha kuondoa vumbi na matope yanayovifunika.

Sheria ipo. Code de la route ya Kongo, sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, si ngeni kwa polisi wala kwa wenye magari. Kinachokosekana ni macho yanayotazama nyuma. Madereva wanalalamika mara nyingi kwamba ukaguzi unaanza na karatasi na kuishia kwenye pesa. Ukaguzi wa taa hauhitaji mashine wala karatasi: polisi mmoja anasimama nyuma ya gari, dereva anakanyaga freni, anawasha clignotant kushoto na kuume, yamekwisha. Ufanyike saa kumi na moja jioni, kwenye parkingi na njia za kutoka mjini, na dereva mwenye kasoro apewe kwanza nafasi ya kununua ampuli palepale kabla ya kuandikiwa amende.

Wenye magari nao wana sehemu yao. Dereva anayelazimika kuleta kiasi fulani cha pesa kila jioni anaona ampuli kama hasara inayomhusu yeye peke yake, na mwenye gari anasema dereva ndiye aliyeiharibu. Wakati wanabishana, gari linatembea gizani. Ampuli ihesabiwe pamoja na mafuta: gharama ya gari, inayotolewa kabla pesa ya siku haijagawanywa.

Kwa dereva kazi ni ndogo. Kabla ya kuondoka jioni, arudi nyuma karibu na ukuta na atazame mwanga mwekundu unavyobadilika anapokanyaga freni, au amwombe convoyeur wake asimame nyuma na kumwambia anachokiona. Ni dakika moja tu kwa siku, na anayelindwa nayo ni mtu asiyemjua, anayekuja nyuma yake. Kesho yeye ndiye atakayekuwa nyuma ya mwingine.