Tupande Vilima vya Mwanza Tuuone Mto Simiyu
Na Masanja Luhende

Watu wengi wa Simiyu wamekwishapanda kilima cha Mwanza bila kuita kupanda huko matembezi, maana Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, iko juu ya kilima. Aliyepanda na mgonjwa hana macho ya mandhari. Nashauri tupande pia tukiwa wazima, na shule za Bariadi, Maswa na Meatu ziwapeleke wanafunzi kwa makusudi. Kutoka juu huonekana kile ambacho ramani ya darasani haikitoi: nyumba zilizobanana katikati ya majabali, kisiwa cha Saanane kilicho hifadhi ya taifa, na ziwa ambalo jiji zima linalinywa. Maji hayo yanatuhusu mno. Mto Simiyu, uliotupa jina la mkoa mwaka 2012, hutokea upande wa Serengeti, hukatiza nchi ya pamba na mifugo, kisha huingia Ghuba ya Speke wilayani Magu. Mvua ikipiga mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, udongo, mbolea na samadi huenda na mto, na rutuba tuliyoipoteza sisi hunenepesha magugu maji ziwani. Wala hatuwezi kusema hiyo ni shida ya Wanamwanza: mradi ulioidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 unakusudia kuvuta maji ya ziwa hilohilo kutoka Busega hadi Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Tutakunywa tulichokipeleka.

Wapo watakaosema Serengeti iko jirani zaidi, na kwamba mdomo wa mto hauonekani kutoka vilima vya jijini. Yote mawili ni kweli. Lakini Serengeti humwonyesha mtoto ardhi iliyotengwa na watu; Mwanza humwonyesha watu wenyewe, kwa maelfu, wakilitegemea ziwa moja. Kuhusu mto, basi litokalo Bariadi kupitia Lamadi huuvuka pale Magu. Lisimame hapo kwanza, wanafunzi watazame rangi ya maji, ndipo wapande kilima. Mwalimu awasomee pia Sheria ya Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Wakirudi nyumbani, wapime wenyewe jinsi mashamba yetu yalivyoukaribia mto, na vipimo hivyo wavipeleke kwenye mkutano wa kijiji.