Komredi, hicho chanzo umekisoma ama umekiorodhesha tu?

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, mhadhiri wetu mmoja aliniita ofisini. Kazi yangu ilikuwa mezani pake, na rejeleo moja lilikuwa limezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Akaniuliza: "Haya makala uliyasoma?" Nikajibu ndiyo. Akageuza kompyuta yake upande wangu, akasema, "Basi nitafutie."

Nilitafuta kama dakika kumi hivi, jasho likinitoka. Jarida lilikuwepo. Mwandishi alikuwepo pia, tena anajulikana sana katika fani yetu. Lakini makala yenyewe hayakuwepo popote. Akili unde ndiyo iliyonitungia, pamoja na mwaka na nambari za kurasa, nami nikabandika nikaenda kulala. Nilirudia kozi hiyo. Ikabidi nipige simu nyumbani kueleza ni kwa nini kuna pesa nyingine za kulipa. Kumweleza mama kulikuwa kugumu kuliko kukaa mbele ya yule mhadhiri.

Sisimulii haya kwa kujivunia. Nasimulia kwa sababu najua siko peke yangu. Tuambiane ukweli, wasee: wengi wetu huandika kazi kwanza, halafu marejeleo tunayatafuta saa sita usiku. Mhadhiri kasema anataka marejeleo kumi na matano, basi tunasaka kumi na matano ya kubandika mwishoni. Tunafungua Google, tunachukua matokeo matatu ya kwanza, tunasoma muhtasari, imeisha hiyo. Wengine tunasoma Wikipedia, kisha tunaificha. Tunateremka hadi chini ya ukurasa, tunanakili vitabu vilivyotajwa pale na kuviorodhesha kana kwamba tumevishika mkononi.

Halafu kuna Turnitin. Kila mtu ana wasiwasi na asilimia yake. Ikiwa chini, tunapumua. Lakini Turnitin hulinganisha maandishi yako na mengine ili kuona yanavyofanana. Haipimi kama ulichosema ni kweli. Unaweza kupata asilimia nzuri kabisa kwa kazi iliyojaa uongo.

Usidhani huu ni mchezo wa wanafunzi tu. Juni 2023, jaji mmoja jijini New York aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000. Waliwasilisha mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazijawahi kuamuliwa na mahakama yoyote. ChatGPT ndiyo iliyozibuni. Kinachonichekesha na kunitisha ni kwamba wakili mmoja aliiuliza programu hiyo hiyo kama kesi ni za kweli, nayo ikamhakikishia kwamba ni za kweli. Ni kama kumuuliza anayeuza simu ya wizi kama ni ya wizi.

Programu hizi hutabiri maneno yanayoelekea kufuatana. Zimeona marejeleo mengi mno, kwa hivyo zinajua rejeleo hufanana vipi: jina, mwaka, jarida, kurasa. Umbo linatoka safi. Kama kitu hicho kipo au hakipo, hilo ni swali lingine, na jukumu la kulijibu ni lako wewe uliyeandika jina lako juu ya karatasi.

Sasa, kuna watu wazima wanaosema kizazi chetu ni kivivu, hatuwezi kusoma. Hapo nakataa. Mwaka 2024 Muswada wa Fedha ulipotoka, ni nani waliousoma kifungu kwa kifungu? Ni sisi. Mtu akidai mkate utatozwa VAT ya asilimia 16, au gari litatozwa asilimia 2.5 ya thamani yake, aliulizwa pale pale: kifungu gani? Leta ukurasa. Tuliutafsiri, tukaueleza kwa video, tukawasahihisha hata waliokuwa upande wetu walipotia chumvi. Huko ndiko kutafuta, kupima na kunukuu chanzo, na hakuna aliyetupa alama. Tulifanya hivyo kwa sababu jambo lilituhusu.

Kwa hivyo uwezo tunao. Tatizo ni kwamba darasani tunafundishwa marejeleo kama adabu ya mezani: koma iende hapa, mwaka uwe kwenye mabano, herufi zilale hivi. Wahadhiri nao wana lao. Ukiwa na darasa la mamia ya wanafunzi, ni rahisi kuhesabu marejeleo kuliko kuyafungua. Nao wanafunzi tukishajua hayafunguliwi, tunaandika ya kuhesabiwa. Afadhali mhadhiri adai vyanzo vitano, kisha amchague mwanafunzi yeyote aeleze kimoja kinasema nini. Tutasoma, bana.

Sisi pia tuna la kufanya, na halihitaji bando nyingi. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwahi kulinganisha wanahistoria 10, wanafunzi 25 wa chuo hicho na wahakiki 10 wa taarifa. Wanafunzi, na hata wanahistoria wengi, walibaki kwenye tovuti waliyopewa, wakaipima kwa nembo na muonekano wake, wakadanganyika. Wahakiki walitoka haraka, wakafungua kurasa nyingine na kuuliza: hawa ni akina nani, na wengine wanasema nini kuwahusu? Wakapata jibu sahihi kwa muda mfupi zaidi.

Tuige hao. Ukikuta takwimu ya idadi ya Wakenya kwenye blogu, usiinukuu blogu. Nenda KNBS, uone sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Ukitaka hukumu au sheria, tovuti ya Kenya Law iko wazi na ni ya bure. Ukipewa makala yenye nambari ya DOI, iweke kwenye doi.org uone inakupeleka wapi. Isipokupeleka popote, uliza. Majarida yanayoomba dola, jaribu kwanza nywila ya maktaba ya chuo chako, kwa sababu vyuo vingi hulipia majarida ambayo wanafunzi hatuyafungui. Wikipedia isome bila aibu, lakini iwe mlango wa kuingilia. Akili unde iulize ikueleze dhana ngumu, ila usiipe kazi ya kukutajia vyanzo bila wewe kuvifungua.

Kisha weka sheria moja ndogo: usiorodheshe ambacho hujafungua. Kama umefungua vitano tu, andika vitano, na ukubali alama utakazopata.

Maana kuna siku hatutakuwa tukiandikia alama. Komredi wa uuguzi atatafuta kipimo cha dawa ya mtoto. Wa uhandisi atatafuta uzito ambao nguzo inaweza kubeba. Hakutakuwa na mhadhiri wa kuzungusha duara jekundu, na atakayelipia kosa si mwenye kuliandika.