Anayejifunza kuzuia damu tumboni asiachwe peke yake

MTU anayetapika damu, au anayepata choo cheusi kama lami, hana muda wa kusubiri. Miongozo ya kimataifa inapendekeza kwamba hali yake ikishatulizwa, afanyiwe endoskopi katika muda wa saa 24. Daktari hupitisha mdomoni mwake mrija mwembamba wenye kamera hadi tumboni. Kupitia mrija uo huo, huziba panapovuja: kwa kudunga dawa, kwa kuchoma, kwa kubana mshipa kwa kibanio kidogo, au kwa kufunga kwa vipira mishipa iliyovimba kwenye umio.

Suala linalostahili kujadiliwa ni nani anayeushika mrija huo. Jijini Nairobi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta iliyoko Upper Hill na ile ya Chuo Kikuu cha Aga Khan mtaani Parklands ni mahali pa matibabu na vilevile madarasa ya mabingwa wa kesho. Mgonjwa anayefikishwa huko kutoka Kawangware au Kangemi huenda akahudumiwa na daktari ambaye bado anasomea ubingwa.

Wapo wanaoingiwa na hofu wakisikia hivyo. Hofu hiyo inaeleweka, lakini kumzuia mwanafunzi kuushika mrija ni kulinyima taifa mabingwa. Kazi ya mkono haisomwi vitabuni. Nchini Uingereza, daktari hutakiwa awe amefanya uchunguzi wa aina hii mara 200 au zaidi kabla ya kuidhinishwa kuufanya bila msimamizi. Isitoshe, kuzuia damu inayobubujika na kuiziba kamera ni hatua ngumu kuliko uchunguzi wa kawaida.

Hatari basi haiko katika kumfunza daktari, bali katika kumwacha peke yake. Ukaguzi uliofanywa katika hospitali za Uingereza mwaka wa 2007 ulionyesha kuwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kila 10 waliovuja damu hivi alifariki, na kwamba ni karibu nusu tu ya hospitali zilizokuwa na zamu rasmi ya mabingwa wa endoskopi nje ya saa za kazi. Ikiwa taifa tajiri lilikuwa na pengo hilo, Kenya, ambako mabingwa hao ni wachache na wengi wako mijini, haina budi kujihoji.

Ikumbukwe pia kuwa si vidonda vya tumbo pekee vinavyoleta janga hili. Katika maeneo kama Mwea na kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho huziba njia za damu ndani ya ini, na mishipa ya umio ikavimba hadi kupasuka. Mara nyingi ini la mgonjwa wa aina hii bado linafanya kazi vyema. Damu ikizuiwa mapema na mishipa ikafungwa, anaweza kuishi miaka mingi. Mkono uliofunzwa vyema Nairobi ndio utakaomwokoa siku moja katika hospitali ya kaunti yake.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inampa mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu yake na kuyakubali. Ni haki basi aambiwe, hali yake ikiruhusu, kwamba anayemtibu yumo mafunzoni na nani anamsimamia.

Serikali nayo isijitoe lawamani. Wakati wa mgomo wa madaktari uliodumu siku 56 kuanzia Machi 14, 2024, karo ya madaktari wanaosomea ubingwa ilikuwa miongoni mwa madai yao. Daktari anayehangaikia karo hawezi kutarajiwa kukesha na mrija mkononi kwa utulivu.

Kinachohitajika si muujiza. Kila hospitali ya mafunzo iwe na orodha ya zamu inayomtaja bingwa wa usiku, naye afike anapoitwa. Mwanafunzi aanzie kwenye viigizo, aendelee kwa wagonjwa wasiovuja damu, na kila anachofanya kiandikwe na kutiwa sahihi na msimamizi. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Haufai pia kuachiwa peke yake uhai wa mgonjwa anayetokwa na damu usiku wa manane.