Kuchelewa naelewa, kimya sielewi

Mwandishi, makala nzuri, ila hapo uliposema mchangiaji wa Kickstarter hana la kudai kwa kuwa hakununua kitu, nakukatalia. Mwaka 2012 mchezo wa ubao uitwao The Doom That Came to Atlantic City ulichangiwa zaidi ya dola 122,000, na lengo lilikuwa 35,000 tu. Mwaka uliofuata mwenye mradi akatangaza kwamba basi, haupo tena. Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) ikamfungulia kesi, ikidai fedha nyingi zilikwenda kwenye mambo yake binafsi, pamoja na kodi ya nyumba na kuhamia Oregon. Yakafikiwa makubaliano 2015. Kwa hiyo ndugu yangu hapo juu unayesema "ni kamari tu", hapana, si kamari. (Mchezo wenyewe ulikuja kutolewa na kampuni nyingine kabisa, Cryptozoic.) Mimi nasubiri mchezo niliouchangia mpaka leo, kampuni siitaji. Sigombani na kuchelewa: kiwanda kiko China, kuna meli, kuna ushuru, najua. Lakini taarifa yao ya mwisho ilikuwa picha za sanamu zilizopakwa rangi, tukiuliza uchapaji umefika wapi tunajibiwa "hivi karibuni", halafu huku wanatangaza mchezo mwingine mpya na kuomba hela tena! Waandike mistari miwili tu: pesa zipo au zimekwisha. Wengine mliochangia, kuna aliyejibiwa barua pepe?