Mteja Si Mnunuzi Tu: Wana-Emali na Duka la Jirani

Emali ni mji wa njia panda. Hapo ndipo barabara ya kwenda Loitokitok inapochepuka kutoka barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Hapo ndipo Makueni inapopakana na Kajiado, na Mkamba mkulima akakutana na Mmaasai mfugaji sokoni. Reli ya zamani ilipita hapo, na tangu mwaka 2017 reli mpya nayo ina kituo chake. Katika mji wenye wapita njia wengi kiasi hiki, ingetarajiwa kwamba kila mtu atanunua palipo na bei nafuu, kisha ashike njia yake. Sivyo mambo yalivyo. Hapo, kama kwingineko nchini, aghalabu kila nyumba ina duka inaloliita "duka letu", na mtoto anayetumwa sukari huambiwa alipite la kwanza na la pili ili alifikie hilo moja.

Wapo wanaoyaona mapenzi haya kuwa mazoea yasiyo na faida. Hoja yao ina uzito. Sukari ya robo kilo na mafuta ya kupimiwa, yakinunuliwa siku baada ya siku, aghalabu huishia kuwa ghali kuliko pakiti nzima ya supamaketi. Fauka ya hayo, supamaketi hubandika bei mahali pa wazi, na mnunuzi hujichagulia bila kuulizwa hali ya mifuko yake. Kwa hesabu ya mwisho wa mwezi, mpenzi wa duka dogo anaonekana kujipunja mwenyewe.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila haijakamilika, kwa kuwa inamhusu mtu anayelipwa mwisho wa mwezi. Maisha ya wengi katika Ukambani hufuata mvua, hasa zile za Oktoba hadi Desemba. Mkulima wa ndengu, kunde na mbaazi hupata fedha baada ya mavuno. Kabla ya hapo nyumba yake hula kwa daftari la mwenye duka. Ukutani pameandikwa "Leo fedha, kesho mkopo", lakini chini ya meza daftari limejaa majina. Supamaketi huuza unga kwa bei nafuu. Duka la jirani huuza unga pamoja na muda wa kuulipia. Bidhaa hiyo ya pili haipatikani kwenye rafu yoyote.

Lugha yenyewe imelihifadhi jambo hili. Mnunuzi ni mtu anayenunua, basi. Mteja ni zaidi ya hapo: neno hilo hutumika pia kwa anayetibiwa na mganga na kwa anayetetewa na wakili. Ni mtu aliyefika na haja yake, akajikabidhi kwa mwingine. Vivyo hivyo, uaminifu, imani na amana ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Mkamba na Mmaasai wanaokopeshana kwa Kiswahili mbele ya wavu wa duka la Emali hawahitaji kuelezwa uhusiano wa maneno hayo, wanauishi.

Biashara kubwa nazo zimewahi kuutafuta uaminifu huo kwa njia zao. Nakumatt, iliyokuwa na matawi zaidi ya 60 katika Afrika Mashariki, iliwapa wateja wake kadi ya kukusanya alama kwa kila walichonunua. Wengi waliipenda kwa dhati. Hata hivyo, madeni yalipoielemea, ilikabidhiwa msimamizi mwaka 2018, na Januari 2020 wadai wake wakaamua ifilisiwe. Kadi ikabaki plastiki tu. Kadi ile ilikumbuka kiasi alichotumia mtu. Haikujua kama mwaka huo alivuna au hakuvuna.

Tangu Januari 2019 mshindani mwingine ameingia uwanjani, naye hana duka: ni Fuliza, huduma inayomwezesha mtumiaji wa M-Pesa kulipa hata salio lake linapopungua. Ni msaada wa kweli, tena wa faragha. Hakuna haja ya kubembeleza mtu mbele ya majirani. Hata hivyo, ada ya deni hilo huongezeka kadiri siku zinavyopita, na fedha zinapoingia kwenye simu, hukatwa kabla ya mwenyewe kuzigusa. Mwenye duka anaweza kuelezwa kwamba mtoto amelazwa hospitalini, naye akasubiri. Simu haiambiliki.

Pamoja na hayo, duka la jirani lisivikwe joho la utakatifu. Daftari hukaa mkononi mwa mtu mmoja, naye ndiye mwandishi, mhasibu na hakimu. Mwenye deni huona haya kuuliza kwa nini bei imepanda tangu juzi. Amana ya kweli hudai kila mteja awe na daftari lake, bei itajwe kabla ya kuandikwa, na hesabu zilinganishwe mbele ya wote wawili. Anayekataa kukaguliwa hastahili kuitwa "duka letu".

Lakini lawama kubwa zaidi inawaelekea wateja. Umezuka mtindo wa watu kupeleka fedha taslimu supamaketi na kupeleka haja zao kwa jirani. Mshahara ukitoka, au ndengu zikiuzwa, ununuzi mkubwa hufanywa kwingine, na mifuko hupitishwa njia ya uchochoroni ili mwenye duka asiione. Kiangazi kikirudi, mtu yuleyule husimama mbele ya wavu akiomba aandikiwe nusu kilo. Watu wa namna hii husema wanalipenda duka lao, nao ndio wanaolifunga. Duka lenye wateja wa kiangazi peke yao halina mtaji wa kuwakopesha kiangazi kijacho.

Kwa hiyo mapenzi ya duka yasipimwe kwa maneno matamu ya mkopaji, bali kwa kile anachofanya siku anapokuwa na fedha. Anayeona fahari kuwa na duka la kumsitiri wakati wa shida na alipelekee sehemu ya neema yake, hata kama pakiti ya supamaketi ina nafuu ya shilingi tano. Shilingi hizo hazipotei. Ndizo bima yake. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mteja wa kweli ni yule ambaye, akiisha kulipa, hununua tena papo hapo kwa fedha taslimu.