Staa Akipiga Mzinga Inajulikana Mpaka Rangi ya Raba, Kona Inayoua Watu Imefichwa Kwenye Faili!

Wadau, staa wa Bongo Fleva akipiga mzinga saa tisa usiku, saa tisa na nusu mji mzima unajua. Inajulikana gari ni la aina gani, ni lake au la kuazima, pembeni alikaa nani, na huyo wa pembeni ni mke wa nani. Kufika asubuhi namba ya gari iko Instagram, picha ya wodini iko kwenye magrupu ya WhatsApp, na kuna mtu kashaenda laivu akiwa amesimama juu ya vioo. Mpaka rangi ya raba alizovaa watu wanaijua.

Sasa uliza swali moja dogo tu: pale alipogongea, kabla yake wamegonga wangapi?

Kimya. Shabiki hajui, mwenye ukurasa wa udaku hajui, konda wa daladala anayepita hapo kuanzia alfajiri mpaka usiku hajui. Anayejua, au anayeweza kujua akiamua kufungua madaftari yake, ni trafiki. Na trafiki hajaulizwa, na akiulizwa atasema njoo ofisini.

Hapo ndo penye ishu. Habari za ajali zimegeuzwa miguu juu kichwa chini. Kile kilichotakiwa kuwa siri, yaani jina la majeruhi, sura yake ikiwa na damu, namba ya gari lake, kinasambaa bure kama vipeperushi vya shoo. Kile kilichotakiwa kuwa cha kila mtu, yaani ni wapi, saa ngapi, chombo gani kiligonga nini na wangapi walikufa, kimelala kituoni.

KWANI TAKWIMU SI ZINATOLEWA?

Zinatolewa, kweli kabisa. Afande mwenye nyota za kutosha begani anakaa mbele ya maiki, anasoma idadi ya ajali, idadi ya vifo, asilimia ya kupungua, halafu anamalizia na uzembe wa madereva na mwendo kasi. Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu wameshatoa hata ripoti za mwaka za uhalifu na usalama barabarani, zenye majedwali ya kila mkoa. Sio kazi ya kubeza.

Lakini jumla ya mkoa inamsaidia nini dada anayevuka Barabara ya Morogoro pale Kimara akiwahi kazini? Mkoa haugongi mtu. Kinachoua ni kona, ni makutano, ni kivuko kilichofutika rangi, ni taa iliyokufa. Kumwambia mtu ajali zimepungua kimkoa ni sawa na mwenye nyumba kumwambia mpangaji kwamba mabati mengi ya mtaa huu hayavuji, wakati maji yanamwagikia kitandani kwake.

Na hizo jumla zenyewe zina maswali. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya mwaka 2018, liliandika kwamba Tanzania ilitaja rasmi vifo 3,256 vya barabarani kwa mwaka 2016. Makadirio ya shirika hilohilo kwa mwaka huohuo yalikuwa vifo 16,252. Hiyo ni karibu mara tano. Kenya nayo haikuwa mbali: rasmi 2,965, makadirio 13,463. Mtu anaweza kubishana na makadirio, ni haki yake, kwa sababu yametokana na hesabu za kitaalamu na hayakuhesabu kaburi mojamoja. Lakini atabishana kwa kutumia nini, kama orodha yenyewe ya ajali haionekani? Ukificha daftari, huwezi kulalamika watu wakikisia.

DENI LINAONEKANA, DAMU HAIONEKANI

Kuna watakaosema teknolojia bado. Hapo ndo utani unapoanza.

Mwenye gari leo akitaka kujua kama anadaiwa faini, anaingia kwenye mfumo wa trafiki kwa simu yake, anaandika namba ya gari, na deni linatokea hapohapo. Shilingi 30,000 ya kosa la barabarani ina anwani yake, ina tarehe yake, na inamfuata mtu mpaka alipe. Stika ya bima vilevile, inahakikiwa kwa simu mtu akiwa amekaa kwenye kiti cha daladala.

Yaani serikali imeweza kuweka mtandaoni kosa la mtu aliyepita taa nyekundu. Ikishindwa kuweka mtandaoni makutano ambayo watu wanafia, mtu wa kawaida afikirie nini? Atafikiri kilichowekwa wazi ni kile kinacholeta hela. Inawezekana sio kweli. Basi waonyeshe kuwa sio kweli.

WENZETU WANAFANYAJE?

Uingereza polisi wanajaza fomu ya kila ajali yenye majeruhi, mfumo unaitwa STATS19. Taarifa hizo zinawekwa wazi, ajali mojamoja, na mtu anaweza kupakua za kuanzia mwaka 1979. Kila mstari una tarehe, saa, mahali kwenye ramani, aina ya chombo, hali ya mwanga, hali ya hewa, na kama mtu aliumia kidogo, aliumia sana au alifariki. Jina hamna. Namba ya gari hamna.

New York nako, ajali zilizorekodiwa na polisi wa jiji ziko kwenye tovuti ya takwimu huria, kuanzia Julai 2012. Kijana akiwa na kompyuta na bando anaweza kuchora ramani ya mtaa wake, akaipeleka kwa diwani na kumuuliza: hapa wameumia watu wangapi, na wewe umefanya nini?

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Nairobi, watafiti wa Benki ya Dunia walichukua taarifa za ajali ambazo wananchi walikuwa wanaziposti Twitter kupitia Ma3Route, wakazigeuza kuwa ramani ya sehemu hatari za jiji. Abiria wa matatu, akiwa kwenye foleni na simu yake, alisaidia kutengeneza kitu ambacho kilitakiwa kuwepo tangu zamani.

Na hapa Dar ushahidi upo. Shirika la Amend lilianzisha mradi wa SARSAI, wa kuchagua shule ambazo watoto wanaumia sana barabarani na kurekebisha njia zao: matuta, vivuko, vizuizi vya nguzo, njia za miguu. Mambo ya bei ndogo. Mwaka 2019 mradi huo ukashinda tuzo ya kwanza ya WRI Ross kwa ajili ya miji, ukishindana na miradi ya dunia nzima. Lakini ili kujua watoto wangapi wameumia na wapi, ilibidi watu wahojiwe majumbani kwao. Familia zikaulizwa upya kuhusu siku mbaya kuliko zote kwenye maisha yao. Taarifa ikiwa wazi, tuta linajengwa kabla ya mtoto wa pili hajagongwa.

VISINGIZIO VIPANGWE MSTARI

Cha kwanza: faragha ya wahusika. Hoja nzito, na ndo maana jina, sura na namba ya gari havitakiwi kutolewa kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na iheshimiwe. Ila mahali na saa ya ajali sio siri ya mtu. Makutano hayana mama wa kuyalilia. Anayetaka kweli kulinda faragha aanze na anayepiga picha maiti na kuzirusha kwenye magrupu kabla ndugu hawajapigiwa simu.

Cha pili: uchunguzi unaendelea. Sawa, nani alikuwa na kosa aachiwe mahakama. Lakini kusema kwamba tarehe fulani, saa mbili usiku, bodaboda na lori vilikutana mahali fulani na mmoja akafariki, kunaharibu uchunguzi gani? Wapita njia wote waliona.

Cha tatu: italeta taharuki. Mdau, taharuki ni mtoto kugongwa palepale alipogongwa wa jirani. Kila dereva wa masafa anakutajia Kitonga, anakutajia mteremko wa Mbalizi, na hakuna aliyeacha kusafiri. Anachofanya ni kupunguza mwendo. Watu wakijua hatari ilipo hawakimbii nchi, wanashika breki.

Cha nne: madaftari ni ya karatasi, hayako sawasawa. Inawezekana. Basi yaanze kutolewa hivyohivyo, na kasoro ziandikwe. Kitu kisichoonwa na mtu hakina wa kukisahihisha.

SHERIA IPO, WANAOITUMIA NDO HAWAPO

Katiba, Ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupata taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia nafasi ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ina mambo inayoyazuia, yakiwemo ya upelelezi na faragha, na hapo juu yameshajadiliwa. Idadi ya waliofia kwenye makutano fulani kwa miaka mitano haigusi hata kimoja.

Na hapa wenye majina makubwa nao wasijifiche. Kuna staa akitoka salama kwenye ajali anaposti picha ya gari lililopondeka, anaandika Mungu ni mwema, laki ya watu wanalaiki, wiki ya pili anatangaza wimbo. Kumshukuru Mungu ni vizuri. Ila wafuasi milioni mbili wakisikia staa wao anauliza hadharani, hii kona imeshaua wangapi, ofisi ya mtu itatafuta jibu. Kiki ya ajali ikitumika hivyo hata mara moja, hakuna atakayelalamika.

Kwa sababu dogo wa bodaboda akigongwa hapohapo kesho yake, hakuna laivu. Anaandikiwa PF3, anapelekwa hospitali, akifariki anakuwa namba moja ndani ya jumla ya mkoa. Mama yake hajui kama mwanaye ni wa kwanza kufia pale au ni wa tisa. Na kama ni wa tisa, maana yake kuna watu walikuwa na orodha ya wanane mkononi na hawakumwambia yeyote.

Kinachotakiwa ni kidogo. Kila mwezi, Jeshi la Polisi liweke mtandaoni orodha ya ajali zote zenye majeruhi na vifo: tarehe, saa, mahali, aina za vyombo, waliokuwa wanatembea kwa miguu, walioumia, waliokufa. Majina yabaki kwenye faili.

Haya, mtaani kwenu ni kona gani inaogopwa? Tiririka hapo chini. Taja kona na wilaya, usitaje marehemu, na picha za damu zibaki kwenye simu yako.